Nikienda Dar shamba si litaliwa?

SWALI: Dada mhariri shikamoo, mi nipo Urambo, marehemu baba aliniachia ekari nne za tumbaku na karatasi sina hata moja, mpaka wenyewe ni kisiki cha mninga. Nataka kwenda Dar nikatafute maisha miaka miwili mitatu ila baba mdogo kashaanza kulima upande wangu, kila mwaka matuta yanasogea kidogo. Niende au nibaki?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kisiki huwa kinaoza, au mtu anakichoma mkaa usiku, kwahiyo usikitegemee. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua umiliki wa kimila hata kama huna karatasi, ila kuthibitisha ndo kazi, hasa ukiwa uko Mbagala. Omba hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji, majirani waje shambani muoneshane mipaka, na baba mdogo awepo, asije akasema hakuitwa. Akigoma nenda baraza la ardhi la kijiji, wapo saba na watatu lazima wanawake, wale wanasuluhisha tu hawahukumu.

Halafu usiliache pori, likikaa miaka mitano bila kutumika linaweza kuhesabiwa limetelekezwa. Kodisha kwa maandishi. Wengi wenye hati wanasafiri roho kwatu, wasio nayo ndo wanang'ang'ania kijijini kulinda matuta. Mwenyekiti akitaka "ya soda" mdai risiti.