Mgombea mwenza ambaye hakuna anayemjua: anapimwaje?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tumepewa zoezi la darasani: tuigize timu ya kampeni ya mgombea urais wa Marekani, tumpendekezee mgombea mwenza. Mwenzetu mmoja kaleta jina la mjumbe wa Baraza la Wawakilishi aliye kwenye muhula wake wa pili, mtu ambaye hata sisi tunaofuatilia siasa za kule ilibidi tumtafute kwenye intaneti. Nusu ya kundi ilicheka. Tunaomba utusaidie: kisheria mtu huyo anaruhusiwa? Akikubali, kiti chake kinakuwaje? Na mtu asiyejulikana mnampimaje wakati hakuna cha kumpimia?

JIBU: Marahaba. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, na ndilo mmeliuliza vibaya. Cha kumpimia kipo tele. Mbunge yeyote wa Marekani, hata yule anayekaa kiti cha nyuma kabisa, ana faili nene: kila kura aliyopiga imeandikwa, kila hotuba imehifadhiwa, na kila mwaka anajaza fomu ya kutangaza mali. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa akalisoma faili hilo. Nitalirudia. Tuanze na sheria, kwani inaweza kuwamalizia kazi kabla hamjafika mbali.

Marekebisho ya 12 ya Katiba yao, ya mwaka 1804, yanasema asiyestahili kuwa rais hawezi kuwa makamu wa rais. Kwa hiyo mtu wenu lazima awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 35, na awe ameishi nchini humo miaka 14. Mtasema si mbunge tayari, haya atakosaje? Ndipo wengi wanapojikwaa. Kuingia Baraza la Wawakilishi kunataka miaka 25 tu ya umri na miaka 7 ya uraia, hata uraia wa kuandikishwa. Seneti inataka umri wa miaka 30 na uraia wa miaka 9. Mtu anaweza kuwa mbunge halali kabisa na bado asiguse tiketi ya urais, yaani jozi ya mgombea urais na mwenza wake. Ilhan Omar, aliyezaliwa Somalia akapitia kambi ya wakimbizi nchini Kenya, ni mjumbe wa baraza hilo tangu 2019, lakini umakamu wa rais kwake umefungwa na Katiba. Seneta Mazie Hirono wa Hawaii, mzaliwa wa Japani, vilevile. Basi kabla ya kubishana kuhusu umaarufu, angalieni tarehe na mahali alipozaliwa mtu wenu. Ni kazi ya dakika mbili.

La pili ni makazi. Wajumbe wa uchaguzi wa jimbo fulani, wale wanaopiga kura rasmi ya kumchagua rais kwa niaba ya jimbo, hawaruhusiwi kuwapigia rais na makamu wote wawili ikiwa wote ni wakazi wa jimbo lao. Watu husema kwa mkato kwamba wagombea wawili hawawezi kutoka jimbo moja. Sivyo. Wanaweza, ila mmoja wao atakosa kura za wajumbe wa jimbo hilo. Mwaka 2000 George W. Bush alikuwa gavana wa Texas, na mgombea mwenza wake, Dick Cheney, naye alikuwa akiishi Texas. Cheney akahamisha uandikishaji wake wa kupiga kura kwenda Wyoming, jimbo alilowahi kuliwakilisha bungeni, siku chache kabla ya kutangazwa. Wapo waliokwenda mahakamani kupinga, kesi ikatupwa. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: tiketi yao ilipata kura 271 za wajumbe, na zinazohitajika ni 270. Texas peke yake ilikuwa na 32. Kama wajumbe wa Texas wangemnyima Cheney, Bush angekuwa rais, lakini Cheney angebaki na 239, na makamu wa rais angechaguliwa na Seneti iliyokuwa imegawanyika 50 kwa 50. Ikiwa mgombea wenu na mbunge wenu ni wa jimbo moja, msilipite hili.

Zaidi ya hapo, kwa mbunge wa kawaida, hakuna kizuizi. Mkutano mkuu wa chama ndio unaompitisha, lakini siku hizi wajumbe wa mkutano hupitisha jina aliloleta mgombea urais.

Sasa kiti. Kugombea umakamu hakumfukuzi bungeni. Ila je, anaweza kutetea kiti chake na kugombea umakamu katika uchaguzi uleule? Inategemea sheria ya jimbo lake. Texas iliwaruhusu maseneta wake, Lyndon Johnson mwaka 1960 na Lloyd Bentsen mwaka 1988. Joe Biden alishinda vyote viwili mwaka 2008, useneta wa Delaware na umakamu wa rais. Aliye karibu zaidi na mtu wenu ni Paul Ryan, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kutoka Wisconsin: mwaka 2012 jina lake lilikuwa mara mbili kwenye karatasi za kura, akashindwa umakamu, akarudi bungeni kama kawaida. Kwa hiyo someni sheria ya uchaguzi ya jimbo la mtu wenu.

Akishinda umakamu, lazima aachie kiti kabla ya kuapishwa tarehe 20 Januari, kwani Katiba hairuhusu mtu kuwa mbunge huku ana cheo serikalini. Hapa useneta na uwakilishi havifanani. Kiti cha seneta, katika majimbo mengi, gavana humteua mtu wa kukikalia kwa muda: J.D. Vance alipoacha useneta wa Ohio Januari 2025 ili awe makamu wa rais, Gavana Mike DeWine alimteua Jon Husted. Kiti cha Baraza la Wawakilishi hakina uteuzi, lazima uchaguzi mdogo uitishwe, na hadi utakapofanyika kinabaki kitupu. Chama kikiwa na wingi wa viti vitatu au vinne, kiti kimoja kitupu ni miswada iliyokwama. Mkiniuliza mimi, hii ndiyo hoja nzito zaidi dhidi ya mtu wenu, kuliko hata kutojulikana kwake. Waliocheka hawakuifikiria.

Turudi kwenye faili.

Mtu maarufu ameshachimbwa. Wapinzani wake wa miaka ya nyuma na waandishi wa habari wameshatoa waliyoyapata, na wapiga kura wameshayazoea. Mtu asiyejulikana huanza kuchimbwa saa ileile mnayomtangaza, na wachimbaji ni mamia kwa mpigo. Mmenunua ukurasa mtupu. Mna siku mbili tatu za kuuandika ninyi wenyewe, zikipita ataandika mwingine.

Soma kisa cha Thomas Eagleton polepole, maana kila kosa limo. Julai 1972, Miami Beach. George McGovern amepitishwa kuwa mgombea wa Democrat baada ya vita kali ndani ya chama. Vigogo aliowaomba, Edward Kennedy akiwamo, wamekataa. Ni mchana wa siku ya mwisho ya mkutano mkuu, jina linatakiwa kabla ya jioni. Anampigia simu Eagleton, seneta wa muhula wa kwanza kutoka Missouri, ambaye nje ya jimbo lake ni wachache waliomjua. Eagleton anakubali papo hapo. Msaidizi wa McGovern anachukua simu na kumuuliza kama kuna lolote lililofichika. Anajibu hakuna. Uhakiki ukaishia hapo, dakika chache za simu.

Kumbe alikuwa amelazwa hospitali mara tatu katika miaka ya 1960 kwa sonona, na alikuwa amepewa tiba ya mshtuko wa umeme. Tarehe 25 Julai ilibidi alitangaze mwenyewe mbele ya waandishi. McGovern akasema anamuunga mkono kwa asilimia 1,000. Tarehe 31 Julai Eagleton akajitoa, siku 18 baada ya kuteuliwa, na nafasi ikachukuliwa na Sargent Shriver. Novemba McGovern alishindwa katika majimbo 49 kati ya 50. Sisemi ni kwa sababu ya Eagleton. Mpinzani wake, Rais Richard Nixon, alikuwa mbele hata kabla. Lakini mgombea aliyejinadi kwa ukweli alionekana mtu asiyejua anayemteua, na ile asilimia 1,000 ikamganda. Na ugonjwa wenyewe, nadhani, ungeweza kubebeka kama wangeutangaza wao siku ya kwanza.

Ndiyo maana leo kazi hii hupewa wanasheria. Jimmy Carter mwaka 1976 ndiye aliyeweka mtindo: aliwaita baadhi ya wanaofikiriwa mmoja mmoja nyumbani kwake Plains, Georgia, baada ya mwanasheria wake kuwahoji. Sasa mtu hujaza dodoso refu, hukabidhi ritani za kodi za miaka kadhaa na rekodi za hospitali, na huulizwa maswali ambayo hata mwenzi wake hajawahi kumuuliza.

Na mwenzi, tafadhali, msimsahau. Geraldine Ferraro alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi wa muhula wa tatu, kutoka Queens, New York, mgombea urais Walter Mondale alipomteua Julai 1984, mwanamke wa kwanza kwenye tiketi ya chama kikubwa. Mwezi wa kwanza ulipaswa kuwa wa shangwe. Ukawa wa fedha za mumewe, mfanyabiashara wa majengo. Kwenye zile fomu za mali za bungeni Ferraro alikuwa amedai msamaha wa kutotaja mali za mume, na kwa kiti cha Queens hakuna aliyejali. Kwa tiketi ya kitaifa wakajali. Tarehe 21 Agosti alisimama mbele ya waandishi kwa karibu saa mbili akijibu swali baada ya swali kuhusu kodi. Alijibu vizuri, hata wasiompenda walikiri. Lakini Agosti yote ilikuwa imekwenda na maji. Kwa hiyo anzeni na fomu za mali, kisha mtafute kilichoachwa wazi ndani yake.

Mnaweza kuniambia Dan Quayle naye alivurugwa mwaka 1988, akaulizwa kama aliingia kikosi cha walinzi wa jimbo ili akwepe vita vya Vietnam, na bado mgombea wake, Bush mkubwa (baba yake George W.), akashinda majimbo 40. Kweli. Mgombea mwenza dhaifu ni nadra kuangusha tiketi iliyo mbele. Anachokula ni wiki za kampeni, na wiki ni mali ya anayefukuza, si ya anayeongoza. Zoezi lenu linasema mgombea wenu yuko mbele au nyuma? Jibu lenu lianzie hapo. Aliye mbele anaweza kumudu mtu wenu. Aliye nyuma humtaka mtu kama huyo ili kushtua uwanja, na ndiye hasa asiyeweza kulipa gharama yake.

Kuna hoja moja mtakayoisikia darasani: atatuletea jimbo lake. Msiitegemee. William Miller hakuleta New York mwaka 1964, Ferraro hakuileta 1984, Bentsen hakuleta Texas 1988, John Edwards hakuleta North Carolina 2004, Ryan hakuleta Wisconsin 2012. (Tanzania suala la anakotoka limo ndani ya Katiba: rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu lazima atoke upande wa pili. Marekani ni kamari ya kampeni tu.) Huyo Miller, nisisahau, ni mtangulizi wa mtu wenu: mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, mwenyekiti wa chama cha Republican, aliyeteuliwa na Barry Goldwater hasa kwa kuwa alijua kumkera Rais Johnson. Miaka kumi na kitu baadaye alionekana kwenye tangazo la kadi za American Express akiwauliza watazamaji kama wanamjua. Hilo lilikuwa tangazo lote.

Kinachomfaa mtu wenu ni kazi inayoonekana. Harry Truman, mgombea mwenza wa Rais Franklin Roosevelt mwaka 1944, hakuwa nyota, lakini kamati yake ya Seneti ilikuwa imefichua ubadhirifu katika matumizi ya vita, na hilo lilielezeka kwa sentensi moja. Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili 1945, Truman akiwa makamu kwa siku 82 tu. Makamu tisa wamewahi kurithi urais kwa njia hiyo au kwa rais kujiuzulu. Kwa hiyo mtakapoandika ripoti, wekeni sentensi moja inayosema mtu wenu amefanya nini bungeni. Ikiwashinda kuiandika, wapiga kura hawataiandika kwa niaba yenu.

Kama mnaendelea naye, gawaneni kazi hivi. Aliyempendekeza alete fomu za mali za miaka yote aliyokaa bungeni, sheria ya uchaguzi ya jimbo lake, na hesabu ya viti vya chama chake. Waliocheka wapewe kura zake kumi mbaya kuliko zote na mahojiano yake ya zamani, yale ya redio za mjini kwao kabla hajawa mtu. Wasirudi hadi wapate kitu. Vance alikwishakuwa mgombea mwenza, Julai 2024, kauli yake ya 2021 kuhusu wanawake wasio na watoto wanaofuga paka ilipofufuliwa ikazunguka dunia nzima.