Kifaa cha umeme kwenye uti wa mgongo: jaribio kwanza, maamuzi baadaye

Mkuu, pole sana kwa mama. Umesema alishafanyiwa upasuaji wa mgongo, mguu bado unamwaka moto usiku kucha, na sasa daktari ametaja kifaa cha kupeleka umeme kwenye uti wa mgongo. Mimi ninacho mwilini, kimekaa chini ya ngozi juu ya kalio, na ni miaka kadhaa sasa. Ushauri wangu: akubali jaribio, yaani nyaya za muda na betri ya nje ya mwili, ila kifaa chenyewe asikikubali mpaka jaribio limeleta mabadiliko ambayo hata wewe unayaona kwa macho.

Kwanza mtoe hofu. Nyaya haziingizwi ndani ya uti wenyewe. Zinapitishwa kwa sindano na kulazwa nje ya utando unaoufunika. Wazo lilianza na watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965, waliposema kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na taarifa za mguso zinaweza kulifunga ili za maumivu zisipite. Mwaka 1967 Norman Shealy, daktari wa Marekani, akamwekea mgonjwa kifaa cha kwanza. Siku hizi kuna mitambo ya aina nyingi, mingine mapigo yake ya umeme yana kasi kubwa mno hata mgonjwa hahisi mtetemo wowote, na wataalamu bado wanabishana kuhusu namna hasa inavyofanya kazi. Hakuna unaoponya chanzo cha maumivu.

Sasa jaribio, maana hapo ndipo penye uzito wote. Nililala kifudifudi, mgongo umetiwa ganzi, akili zangu ziko timamu. Fundi wa mtambo akawa anauliza, "Unasikia wapi?" Mtetemo ukaanzia mbavuni, ukahamia tumboni, daktari akasogeza waya kidogo tu, mara ukateremka pajani mpaka kwenye unyayo, pale pale panapouma. Nikamwambia hapo hapo, usiguse tena! Baada ya hapo unarudi nyumbani na nyaya zimetokeza mgongoni, zimebandikwa plasta, betri iko kiunoni. Kwa kawaida ni siku chache hadi wiki hivi, na huruhusiwi kulowesha mgongo.

Madaktari wengi huhesabu jaribio limefaulu maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi. Mimi namba hiyo siiamini ikiwa peke yake. Mtu aliyeteseka muda mrefu anatamani mno kupona, na tamaa hiyo pekee inaweza kupunguza maumivu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kabla ya jaribio kaa na mama, muandike mambo matatu yanayomshinda: labda kukaa mezani mpaka chakula kiishe, kusimama akiosha vyombo, kulala bila kushtuka. Kwangu lilikuwa shuka. Mguu haukuvumilia kuguswa hata na shuka jepesi, nikawa nalala umetokeza nje. Katika siku zile za jaribio nilijifunika mwili mzima nikalala hadi asubuhi, na aliyeona kabla yangu ni mwenzangu. Hicho ndicho kipimo. Na mama asikae kitandani wiki nzima akijihurumia, atembee, apande ngazi, afanye shughuli zake bila kuinama sana wala kujipinda.

Usije ukaambiwa ni dawa ya kila mgongo. Mwaka 2022 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 waliokuwa na maumivu ya mguu baada ya upasuaji wa mgongo. Kifaa kilikuwa kinawashwa na kuzimwa kwa vipindi bila wao kujua, na haikuonekana tofauti ya maana. Walitumia aina moja tu ya umeme, lakini ni habari nzito na mama ana haki ya kuisikia. Wapo tunaosaidika kweli, wapo wasioambulia kitu, na ndiyo maana nang'ang'ania jaribio.

Ikifika hatua ya kuwekewa moja kwa moja, wiki za mwanzo ni za nidhamu: asijikunje, asijipinde, asinyanyue vitu vizito, kwa sababu waya unaweza kusogea kabla haujashika. Wangu mmoja ulisogea, mtetemo ukahamia upande usiouma, kwa bahati walirekebisha kwa kubadilisha programu bila kunipasua tena. Kuna na hatari ya maambukizi, na yakiingia huenda kifaa kikatolewa chote.

Muulizeni daktari kama kifaa hicho kinaruhusu kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, na kwa masharti gani, betri ni ya kuchaji au ya kubadilisha kwa upasuaji, na nani atakuwa anarekebisha programu baadaye, maana marekebisho hayaishi. Kama mama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mseme mapema kabla hata ya jaribio. Asiziache kwa uamuzi wake, daktari ndiye apange lini zisimamishwe na lini arudie.