Miezi Mitatu ya Mkasi na Gundi

SWALI: Dada, asalaam aleikum. Mimi ni msichana wa miaka 20, nakaa Likoni. Mwezi wa tisa nilianza kusoma usanifu wa grafiki katika chuo kimoja kule kisiwani Mombasa. Baba ana kibanda cha madafu karibu na feri, na karo ameilipa kwa shida. Nilidhani nitakaa mbele ya kompyuta. Mpaka leo, miezi mitatu sasa, ni mkasi, gundi na karatasi za rangi. Wiki nzima tumechora herufi moja kwa penseli. Binamu yangu hakusoma chuo chochote, amejifunza kwa video za YouTube, na tayari anatengeneza kadi za harusi kwa simu na analipwa. Nyumbani wananiuliza nimejifunza nini na sina la kuonyesha. Kipakatalishi pia sina. Je, niache chuo nijifunze mwenyewe?
Msomaji wa Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, mdogo wangu. Usiache. Nimelitanguliza hilo ili haya mengine uyasome ukiwa umetulia.

Zoezi la karatasi za rangi nalikumbuka kuliko mitihani yote niliyofanya. Mwalimu alitupa karatasi moja ya kijivu, akatuambia tukate vipande viwili sawa, kimoja tukibandike juu ya karatasi nyeusi na cha pili juu ya nyeupe, halafu tuseme kipi kimekolea zaidi. Darasa zima tukasema cha juu ya nyeupe. Akavibandua, akaviweka pamoja mezani. Kijivu kile kile. Nilishika meza, maana macho yangu niliyaamini tangu kuzaliwa. Akatueleza habari za Josef Albers, Mjerumani aliyefundisha Bauhaus, shule ya usanifu iliyofunguliwa Ujerumani mwaka 1919 ikafungwa mwaka 1933, naye akahamia Marekani kuendelea kufundisha. Albers aliwapa wanafunzi karatasi badala ya rangi ya brashi kwa sababu karatasi haibadiliki mkononi. Ukiiona imegeuka, ujue kilichogeuka ni jirani yake. Hilo ndilo unalofundishwa kwa mkasi huo. Siku mwenye duka atakapokuambia anataka maandishi ya njano juu ya ubao mweupe, utaona mapema kwamba jua la saa saba mchana litayameza yote.

Muhula wa pili tulipewa kazi ya bango la kutangaza siku ya kupimwa macho bure. Langu nililipenda mno. Lilikuwa na fonti nne, jicho kubwa lenye kope ndefu, maua pembeni, na kila habari niliyopewa. Mwalimu akayabandika mabango yetu ukutani, akatutoa nje, akasema tupite mbele yake kwa mwendo wa mtu anayewahi feri, bila kusimama. Kisha akawauliza wenzangu kuhusu langu: ni siku gani? Ni wapi? Hakuna aliyejua. Walizikumbuka kope. Nililia siku ile, na sababu haikuwa alama. Watu niliokuwa nawaita ni wazee wenye macho mabovu, na tarehe nilikuwa nimewaandikia kwa herufi nyembamba za mlazo.

Kesho yake saa kumi na moja jioni nilikwenda kusimama kwenye mteremko wa kushukia feri, nikawatazama watu na kuhesabu kimoyomoyo. Mtu akigeuza uso kutazama kitu ukutani, hukitazama kwa muda wa kusema moja, mbili, tatu, kisha msukumano wa watu humchukua. Bango langu la pili lilikuwa na maneno matatu makubwa, PIMA MACHO BURE, siku chini yake, mahali chini ya siku. Basi. Nililibandika chumbani kwetu na bibi akalisoma akiwa amekaa kitandani upande wa pili, miwani ikiwa mezani.

Na hayo yote, mdogo wangu, yako mwilini mwa mamako. Chukua leso yake uitandaze kitandani. Pindo limezunguka pande zote nne, mji, yaani uwanja wa mapambo, uko katikati, na jina, yaani yale maneno ya leso, limewekwa chini ya mji. Hata mji ukijaa korosho na maua mpaka jicho lichoke, jina hupewa nafasi yake na herufi kubwa zisizo na madoido. Sasa mwambie ajifunge. Maandishi yanaangukia nyuma, mahali anapoyaona yule anayemfuata njiani. Aliyelipanga jina pale alishajua msomaji wake atakuwa wapi. Leso za zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo walizozisoma watu wa mwambao wakati huo. Kisha ukipita Mtaa wa Biashara angalia maneno madogo ya Mali ya Abdulla kwenye leso za duka la Kaderdina Hajee Essak. Ile ni nembo, na nimeona kina mama wakiitafuta kwa kidole kabla ya kuuliza bei. Tazama pia leso ya kisutu, rangi tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na mara nyingi hata jina hakina, lakini kikitokea mlangoni kila mtu anajua nyumba ile ina harusi. Mimi nilikwenda chuo miaka miwili ndipo nikaweza kuyaona hayo kwenye kitu nilichobebewa nacho mgongoni.

Kuhusu binamu yako: usimdharau, na usimwonee wivu. Video hufundisha kitufe kiko wapi, na mimi mwenyewe bado nazitazama. Lakini wacha nikusimulie harusi moja. Nilikuwa nimeshaanza kompyuta, nikapewa kazi ya kadi 300. Bluu niliyoichagua kwenye skrini ilikuwa ya bahari ya Nyali asubuhi. Kadi zilirudi zikiwa za zambarau iliyofifia. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa aina nne, sayani, majenta, njano na nyeusi, na ziko bluu za mwanga ambazo wino huo haufikii. Zaidi ya hayo sikuipitisha rangi milimita 3 nje ya mstari wa kukatia kadi, na kisu kilipopita, nyingine zikabaki na ukingo mweupe upande mmoja. Matbaa ilichapa kile nilichoipelekea, kosa lilikuwa langu. Mama wa bibi harusi hakunifokea. Alizipanga kadi mezani, akachagua zilizo afadhali za kupelekea wakwe, nyingine akazirudisha kwenye boksi. Kimya kile ninacho mpaka leo. Pesa zake nilizirudisha kwa miezi minne.

Kwa hivyo siku mkikutana na binamu, muulize kwa wema picha anazopokea kwa WhatsApp anazikuzaje kuwa bango la mita mbili. WhatsApp huzibana picha ili zisafiri haraka, na pikseli, vile vitone vidogo vinavyounda picha, zikipotea hazirudi. Mwambie awaombe wateja wazitume kama faili ya hati, zitafika nzima. Mtasaidiana nyinyi wawili, naye atakufundisha anayoyajua.

Kipakatalishi kisikukoseshe usingizi sasa. Nunua flashi, tumia kompyuta za chuo saa ambazo wengine wamekwenda kula. Inkscape ni ya nembo na michoro, GIMP ni ya picha, Scribus ni ya kurasa za vitabu na majarida. Zote ni bure kihalali na hazidai mashine mpya.

Penseli na herufi ile moja ya wiki nzima? Nenda Mwembe Tayari umtafute fundi anayeandika mikokoteni kwa brashi. Niliyemkuta mimi hapimi kwa rula. Akiandika A karibu na V huzisogeza, kwa sababu migongo yao inaacha pengo. Akiandika H na N huziachia hewa. Aliniambia anasikiliza nafasi kati ya herufi. Nilikaa naye Jumamosi tatu nikimshikia kopo.

Na la kuonyesha nyumbani ni hili. Kibanda cha baba kina kibao? Simama pale ambapo abiria wa tuktuk huanza kukiona, uhesabu hatua mpaka kibandani. Kata herufi za karatasi, DAFU BARIDI, uzibandike kwa gundi ile ile ya darasani, urudi nyuma mpaka pale uliposimama, utazame. Zikiwa ndogo, kata nyingine. Zikikosana na kijani cha madafu yenyewe, badilisha rangi. Ukiridhika, chukua rangi ya mafuta na brashi uandike kibao chenyewe, kisha unitumie picha. Naisubiri, si kwa maneno tu.

SWALI: Nasaidia kutoa jarida la kurasa nane la madrasa yetu hapa Kibokoni. Nikinyoosha maandishi pande zote mbili, mistari inakuwa na mapengo kama meno ya mtoto. Jarida la Kiingereza nililoiga halina shida hiyo. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, umeiga nguo ya mtu mwingine. Neno letu moja, kama walipowaandikia, hubeba sentensi nzima. Ukilitia kwenye safu nyembamba halitoshi, linashuka mstari wa pili, na programu inatawanya maneno yaliyobaki ili mstari ujae. Nyoosha upande wa kushoto tu, wa kulia uwache uyumbe; msomaji hatalalamika. Au panua safu, kurasa nane ziwe na safu mbili badala ya tatu.

Ukitaka kukata maneno mwisho wa mstari, izimie programu ukataji wa Kiingereza. Mimi ilinikatia nyanya ikawa nyan-ya, na nikaipitisha bila kuona. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, basi kata baada ya irabu: nya-nya, wa-nyama, ma-dra-sa. Kazi ni ya mkono, lakini kwa kurasa nane utaimaliza kati ya alasiri na magharibi. Na uongeze nafasi kidogo kati ya mistari, kwa kuwa wanaosoma jarida la madrasa ni watoto na babu zao.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha nne anataka kozi hii ya usanifu wa grafiki lakini hajui kuchora hata kuku. Nimzuie?

JIBU: Mama, shikamoo. Usimzuie kwa sababu ya kuku. Darasani kwetu walikuwako wachoraji hodari waliotoka mwaka wa kwanza, na wasiojua kuchora waliobaki na sasa wanaishi kwa kazi hii. Mpe daftari na mwezi mmoja. Kila siku abandike kitu kimoja alichokiokota, pakiti ya majani ya chai, tikiti, karatasi ya peremende, na aandike chini yake jicho lake lilianzia wapi na likaenda wapi. Mwezi ukiisha, kaa naye mlipitie pamoja. Kama kurasa za mwisho zina maneno mengi kuliko za mwanzo, mpeleke.