Pikapu ya umeme yenye mota moja: inafaa kazi?

SWALI: Nabeba saruji na mabomba, zaidi kwenye lami, mara chache kwenye tope. Pikapu nyingi za umeme ninazoziona zina mota mbili na bei haishikiki. Kwa nini watengenezaji wasitoe inayosukumwa na tairi za nyuma tu? Au itanikwamisha ikiwa tupu?

JIBU: Watoe, tena wamechelewa. Ila angalia wamepunguza nini ili bei ishuke. Mota ya mbele ikiondoka, inaondoka na inveta yake (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota), giaboksi yake na shafti mbili. Hiyo ni akiba ya kweli, lakini mla pesa mkubwa ni betri. Kiwanda kikitoa mota na kuacha betri kubwa ileile, bei haishuki sana, na hapo ndipo wanapoanza kunyofoa vitu vingine.

Tesla ilifanya hivyo Marekani. Aprili 2025 ilileta Cybertruck ya mota moja kwa dola 69,990, pungufu ya dola 10,000 tu kwa ile ya mota mbili. Mnunuzi alikosa pia sasipensheni ya upepo, mfuniko wa umeme wa sehemu ya mizigo, na soketi za huko nyuma. Soketi, jamani! Kwa anayekata vyuma saiti, hiyo ni nusu ya sababu ya kununua pikapu ya umeme. Septemba mwaka huohuo ikaacha kuuzwa. Slate, ya hukohuko Marekani, ilipotangaza pikapu yake Aprili 2025 ilikuja na mota moja nyuma, betri ndogo na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Huo ndio ubahili wenye akili.

Kuhusu kukwama: pikapu ya dizeli ikiwa tupu huwa nyepesi nyuma kwa sababu injini iko mbele. Ya umeme ina betri sakafuni, kati ya ekseli mbili, kwa hiyo uzito unagawanyika karibu nusu kwa nusu. Ukipakia saruji, tairi za nyuma zinashika zaidi. Tatizo huanza tairi moja ya nyuma ikiingia kwenye utelezi: kwa difu ya kawaida (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) hiyo inazunguka bure, na mwenzake aliye pakavu anasimama. Kompyuta huifunga breki ile inayozunguka, na kwa utelezi mfupi inatosha. Kwenye tope refu breki zinapata moto na mfumo unapunguza nguvu. Kwa hiyo ulizia difu ya kufunga, inayolazimisha tairi zote mbili za nyuma kuzunguka pamoja, kisha vaa tairi zenye kashata nzito. Kwa njia zako, hivyo viwili vinakufaa kuliko mota ya pili.

Kwenye mteremko wenye maji, ukiwa huna mzigo, punguza breki ya mota, yaani ile ya mota kuvuta gari nyuma na kurudisha umeme betrini ukiachia pedali. Inashika tairi za nyuma peke yake, wakati uzito umekimbilia mbele, na mkia unaweza kuchomoka.

SWALI: Na trela je?

JIBU: Piga hesabu kwanza. Tuseme uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 2,700 na gari tupu ni 2,000: zinabaki 700. Toa watu wawili, 150. Trela la kilo 800 hukandamiza ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani kilo 80 hadi 120. Zinabaki 430 hadi 470, mifuko minane au tisa ya kilo 50. Trela likiwa refu kwenda juu, hesabu nusu ya mwendo wa kawaida kwa chaji moja. Upepo ndio unaokula betri.