Uliza Mama Katekista: Mtoto anasinzia nikifungua Biblia

Tumsifu Yesu Kristo wasomaji wangu. Maswali ya safari hii mengi yametoka kwa wazazi wenye watoto wadogo kabisa, wale ambao hata mafundisho ya Komunyo hawajaanza, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Barua nyingine nimezikata maana mnaandika jamani, mtu anaanza na historia ya ukoo mzima ndo afike kwenye swali.

*Shikamoo Mama Katekista. Niko Igoma, nina watoto wawili, mmoja miaka 4 mwingine 7, mume wangu anavua dagaa visiwani. Nilijiwekea kila usiku nawasomea sura moja ya Biblia, tulianza Mwanzo, sasa hivi tuko Kutoka kwenye mambo ya hema na mapazia, wanasinzia wote na mimi nasinzia. Na huyu mkubwa Baba Yetu anaisali mbio mbio anamaliza mimi bado niko kwenye mkate wa kila siku. Nifanyeje? – Mama wawili, Igoma*

Marahaba mwanangu. Yale mapazia hata watu wazima yanawalaza, usijilaumu. Biblia yetu ni vitabu 73, vya Agano la Kale 46 na vya Agano Jipya 27, na hakuna sheria inayosema mtoto wa miaka 4 aanzie ukurasa wa kwanza. Hema liache lilipo, atalikuta akikua. Wewe anzia Injili, tena anzia ziwani, maana watoto wako wana kitu ambacho mtoto wa Dodoma inabidi aonyeshwe kwenye picha. Petro, Andrea, Yakobo na Yohana walikuwa wavuvi, na Yesu muda mwingi alikuwa pembeni ya ziwa la Galilaya, ziwa la maji baridi kama letu la Victoria ila dogo tu, urefu wake kilomita 21 hivi. Mtoto wa Igoma nyavu anazijua, mtumbwi anaujua, anajua na sura ya baba aliyerudi asubuhi mikono mitupu.

Kwa hiyo fungua Luka sura ya 5. Isome wewe peke yako mchana hapo gengeni au jikoni mpaka uishike kichwani, usiku weka Biblia wazi mbele yao waione ilikotoka hadithi, hafu simulia kwa mdomo wako. Simoni na wenzake wamekesha usiku kucha hawajapata kitu, wanaosha nyavu wamechoka, Yesu anaingia kwenye mtumbwi anaomba wausogeze kidogo, anafundisha watu, akimaliza anasema twekeni mpaka kilindini. Hapo simama. Muulize yule mkubwa, baba angeambiwa hivyo asubuhi baada ya kukesha angesemaje? Utasikia majibu. Halafu ndo malizia, nyavu zinataka kukatika, wanawapungia wenzao wa chombo kingine waje wasaidie, Petro anapiga magoti.

Na usikimbilie hadithi nyingine kesho yake. Sisi wakubwa ndo tunaochoka kurudia, mtoto anataka ileile mpaka akukosoe ukiruka kitu, akianza kukukosoa ujue imeingia.

Sasa sala. Hapa wengi tunagawa vitu viwili, Biblia huku na sala kule, hadithi ikiisha tunasema "haya tusali" na mtoto anaanza kufyatua Baba Yetu kama mwanao. Sala itoke ndani ya hadithi. Petro anaposema "kwa neno lako nitazishusha nyavu", hiyo ni sala tayari, fupi, hata wa miaka 4 anaiweza: Yesu, kwa neno lako. Wiki nyingine wape ile dhoruba ya Marko 4, Yesu kalala nyuma ya chombo kichwa kwenye mto, watoto wanapenda sana hapo pa mto sijui kwa nini, na wanafunzi wanapiga kelele "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Basi nao wapige kelele hivyohivyo, wamwamshe Yesu kwa sauti, majirani watavumilia. Kisha Baba Yetu mnaisali taratibu, ombi moja moja, wewe mstari yeye mstari, na siku nyingine mchukue mstari mmoja tu "utusamehe makosa yetu", kila mtu ataje aliyemkosea leo. Huyo wa miaka 4 ishara ya msalaba ipigwe vizuri, siyo kufukuza nzi, Salamu Maria, na ile ya malaika mlinzi akienda kulala, inatosha kabisa.

Jambo moja la mwisho maana umeligusa ukapita. Mumeo ni mvuvi wa dagaa, na dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika wanarudi nyumbani. Zile siku za mbalamwezi hadithi ya Luka 5 asimulie yeye. Hata kama hajui kusoma vizuri, hata kama kanisani anakaa nje chini ya mti, mwambie tu nataka uwaambie watoto Petro alijisikiaje kukesha bure. Mtoto akisikia mambo ya Mungu kwa mama tu anaanza kufikiri ni mambo ya wanawake, na hilo huku kwetu limetugharimu, angalia jumuiya zetu jumamosi asubuhi wanaume ni wangapi.

*Mimi ni bibi, niko Kirumba, anaandika mjukuu wangu. Nalea wajukuu watatu, wazazi wao wako Dar wanatafuta. Sikwenda shule, kusoma sijui. Paroko anasema wazazi ndio walimu wa kwanza wa imani, mimi nitafundisha nini?*

Shikamoo bibi. Wewe una mengi kuliko unavyojiona. Mtume Paulo anamwandikia Timotheo (barua ya pili, 1:5) akimkumbusha imani ambayo ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi, halafu kwa mama yake Eunike. Amemtaja bibi kwa jina, tena kwanza. Na Loisi hatujaambiwa kama alikuwa na cheti.

Na siyo huko mbali tu bibi. Mwezi wa 11 mwaka 1882 wale Wamisionari wa Afrika, Mapadre Weupe, waliondoka Buganda wakavuka ziwa wakaja upande wetu huu, Bukumbi, na huko nyuma wakaacha wakristo wachache tu waliobatizwa na wanaojifunza. Padre hakuna, Misa hakuna, mpaka mapadre waliporudi 1885. Unafikiri walikuta nini? Walikuta wakristo wameongezeka, maana walei akina Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa mtumishi wa ikulu ya kabaka (mfalme wa Buganda), walikuwa wanawafundisha wenzao kwa mdomo na kusali nao. Wengi wa wale mashahidi 22 wa Uganda, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, imani yao ilishikiliwa na watu wa namna hiyo. Kwa hiyo mtu asikwambie bila kitabu huwezi.

Wewe una rozari. Yale matendo ya furaha matano yote yanatoka Luka sura ya 1 na ya 2: malaika kwa Maria, Maria kwenda kwa Elisabeti, kuzaliwa Yesu, kutolewa hekaluni, kupotea na kupatikana hekaluni. Usiwasalishe watoto rozari nzima, watakuangukia magotini. Usiku mmoja tendo moja, lisimulie kwanza kama unavyowasimulia za sungura na fisi, Maria anapanda milima kwenda kumsaidia mwenzake mwenye mimba ya uzeeni, hapo bibi wewe unajua kueleza kuliko padre, halafu Baba Yetu moja na Salamu Maria kumi. Huyo mjukuu anayekuandikia barua ndo awe msomaji wako, asome kipande cha Luka, wewe ueleze. Na wazazi wa Dar wapigieni jioni waweke spika, wasali hata Salamu Maria moja na watoto wao.

*Mama, niko Ukerewe. Mdogo wangu wa kiume alizama mwaka huu, dhoruba iliwakuta usiku. Mwanangu ana miaka 6, alikuwa anampenda sana baba yake mdogo. Juzi kwenye Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto cha parokia, wamefundishwa Yesu alivyotuliza dhoruba. Karudi kaniuliza, mbona ya baba mdogo hakuituliza? Nilinyamaza. – Kaka mtu*

Pole sana kaka yangu. Kunyamaza kwako si vibaya, ni afadhali kuliko mengi ambayo watu wangemjibu haraka.

Kwanza yasiyofaa. Usimwambie Mungu alimpenda zaidi akamchukua, maana mtoto wa miaka 6 anachukua neno kama lilivyo, ataanza kuogopa kupendwa na Mungu, na wewe ukipanda mtumbwi hatalala. Usimwambie baba mdogo hakusali. Na usimwambie asiulize, swali lake liko kwenye Biblia neno kwa neno karibu. Yohana 11, Lazaro amekufa, Yesu amechelewa kuja, Martha anamtokea njiani anamwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Hilo ndilo swali la mwanao. Na Yesu hakumgombeza Martha. Alimwambia "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima", halafu akauliza wamemweka wapi Lazaro, na hapo ndipo ule mstari mfupi, Yesu akalia machozi.

Kwa hiyo mkalishe, msimulie hiyo, wala usiisimulie ili umalize swali lake. Mwambie ukweli: sijui kwa nini usiku ule dhoruba haikutulia. Najua Yesu alilia kwa Lazaro, na najua yeye mwenyewe alikufa akafufuka, na baba mdogo tunamkabidhi kwake. Ukitaka kulia hapo lia, baba akilia mbele ya mtoto hakuna kilichoharibika. Wengine watakwambia mtoto mdogo asiguswe na habari za kifo, lakini ninyi watu wa visiwani mnajua hilo haliwezekani, ajali ya kivuko cha MV Nyerere ya Septemba 2018 pale Ukara kila nyumba ilihesabu watu wake na watoto walikuwepo wanaona.

Halafu mpe kitu cha kufanya, maana huzuni ya mtoto inatafuta kazi. Mfundishe "Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani", aisali kila jioni kwa jina la baba mdogo. Zaburi ya 130 inaanza "toka vilindini nimekulilia", msomee mistari miwili ya mwanzo, mtoto wa kisiwani vilindi anavielewa. Novemba, mwezi wa marehemu, nendeni kaburini pamoja, apeleke maua yeye. Kama mwili haukuonekana basi nendeni ufukweni msali hapo. Na huyo mlezi wa Utoto Mtakatifu mwambie kilichotokea nyumbani kwenu, bila lawama, maana darasani kwake hakosi mtoto mwingine wa namna hiyo.

Akiuliza tena kesho na keshokutwa usishangae wala usifikiri umeshindwa. Atauliza tena akiwa na miaka 10, na 15.

*Majirani zetu ni wa AIC (Africa Inland Church), watoto wanacheza pamoja, sasa wangu kaambiwa sisi tunaabudu Maria. Nimjibuje?*

Mwoneshe Luka 1:28 na 1:42, nusu ya kwanza ya Salamu Maria imetoka hapo, maneno ya malaika na ya Elisabeti, na hiyo nusu ya pili tunamwomba atuombee, kama unavyomwomba jirani akuombee. Anaabudiwa Mungu tu. Basi. Usimpe mtoto hoja za kwenda kumshinda mwenzake, wana mpira wa kucheza. Na hao wa AIC mistari wanaishika kichwani vizuri kweli, watoto wetu wajifunze hapo.

*Katekista kakataa mwanangu wa miaka 7 kuanza Komunyo, sheria inasemaje? – Nyegezi*

Papa Pius wa Kumi mwaka 1910 alielekeza mtoto apokee akifikia umri wa kutumia akili, kama miaka 7 hivi, ajue mafumbo makuu kwa kiwango chake na atofautishe mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Huku kwetu parokia nyingi zinapanga kwa darasa ili watoto waende pamoja. Nenda kwa paroko na mtoto mwenyewe, siyo na barua ya malalamiko, aongee naye, maana sheria inawapa wazazi na paroko kazi hiyo ya kumwandaa. Akisema subiri mwaka, subirini mkiwa mnafundishana nyumbani.

*Wa kwangu ana miaka 3 kwenye Misa ni fujo mwanzo mwisho, nakaa naye nyuma mlangoni kwa aibu. – Mama kijana, Buhongwa*

Nyuma anaona migongo ya watu tu, ndo maana. Kaa naye mbele aone altare, aone watoto wanavyocheza wakati wa vipaji, yaani matoleo, mishumaa, padre anainua Mwili wa Bwana, hapo mnong'oneze aseme "Bwana wangu na Mungu wangu", ni maneno ya Tomaso, mtoto anayaweza. Jumamosi usiku msimulie Injili ya kesho yake, jina moja tu alikumbuke, aisikie ikisomwa atashtuka atakuvuta gauni. Biskuti za kelele ziache nyumbani, simu ya katuni usimpe. Akilia sana toka naye, akitulia rudini mahali penu palepale mbele, wanaokuangalia waache waangalie.