Maswali ya Wasomaji: Piko ya harusi, poda ya mtoto

SWALI: Harusi yangu ni wiki mbili zijazo na mpakaji ataka kunitia hina na piko. Kwenye harusi ya dada yangu nilitoka malengelenge palepale penye maua ya piko. Nikijaribu kidogo kwanza nyuma ya sikio, itafaa?
*Msomaji, Langoni, Lamu*

JIBU: Haifai, bibi harusi, hata ua moja. Piko ni rangi ya nywele, na weusi wake watokana na kemikali iitwayo PPD. Mwili ukishaikataa, mzio huo aghalabu haukuachi tena, na mara ya pili huja upesi na kwa ukali zaidi. Kujaribu nyuma ya sikio ni kujitafutia malengelenge mengine. Jibu unalo tayari. Huko Ulaya PPD ya nywele haitakiwi kuzidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kuipaka ngozini ni marufuku. Piko ya kukorogwa kikombeni nani aliyeipima? Kuanzia sasa mwambie na msusi wako, na daktari wa meno pia, kwani ganzi ya benzokaini yaweza kukuamshia mzio uleule.

Tia hina tupu. Unga wa majani ukorogwe mbele yako kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, ulale usiku mmoja, kisha upakwe na ukae saa 6 hadi 8. Ukibandua utaona rangi ya chungwa. Usihangaike, yaiva hudhurungi baada ya siku moja au mbili, basi pakwa siku 2 kabla. Kinachotoka cheusi ndani ya saa moja kina piko, hata kikiitwa "hina nyeusi".

Vichanga wasipakwe hata hina tupu. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe za damu, na pwani hawa si wachache, akipakwa hina chembe zake nyekundu za damu zaweza kuvunjika. Mtoto akigeuka manjano au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, hospitali mara moja.

SWALI: Poda ya mtoto yaleta saratani? Wangu ana vipele vya joto shingoni.
*Mama, Malindi*

JIBU: Julai 2024 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka talki, unga laini wa jiwe unaotiwa katika poda nyingi, katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani. Shaka kubwa ni saratani ya ovari kwa wanawake wanaojipaka sehemu za siri, hilo liacheni. Kwa mtoto, hofu ya karibu ni mapafu: akivuta vumbi lile laini laweza kumziba pumzi, na poda ya wanga wa mahindi nayo huvutwa vivyo hivyo. Muogeshe bila sabuni ya manukato, kausha mikunjo ya shingo kwa kugusagusa na kitambaa, mvike fulana nyepesi ya pamba. Vipele vikitunga usaha au akishikwa na homa, mpeleke zahanati.