Kabla Hujamleta Baba Dar, Soma Hii

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mbagala ameniandikia. Baba yake yuko kijijini Newala, mama yao alishatangulia mbele ya haki, watoto wote wako Dar, na mzee ameanza kuwa mtu wa kuangukaanguka. "Dada," anasema, "tumekaa kikao, tumekubaliana tumlete mjini. Wewe uliyerudi kwa mama yako unatushauri nini?"

Nilimjibu palepale kwamba wasimlete, au angalau wasimlete bado. Jibu refu nimeona niliweke hapa, maana najua hilo swali haliko kwake peke yake. Nusu ya watu wa kwetu walioko Mbagala, Temeke na Kongowe wana mzee juu ya mlima.

Sisi wa milima ya Makonde tunajuana. Kijiji chetu kiko ukingoni, pale ardhi inapokatika na kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma. Waliofika Shimo la Mungu pale Newala wanaelewa ninachosema: unasimama, chini yako ni bonde, na ng'ambo kule ni Msumbiji. Kuzuri sana. Ila vijana wameondoka. Wengine wako Mtwara mjini, wengine Masasi kwenye bodaboda, na wengi wako Dar, kwa sababu tangu daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 Rufiji si kizuizi tena, na basi la alfajiri linakufikisha Mbagala siku hiyohiyo. Waliobaki ni wazee na wajukuu walioachiwa. Siku ya msiba ndipo utaona hali ilivyo: wazee wamejaa kwenye mkeka, na vijana wa kuchimba kaburi wanatafutwa kijiji cha pili.

Mama yangu aliwahi kuletwa Dar. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeamua, na kwa haki aliamua kwa mapenzi. Alimpa chumba chenye feni na godoro jipya. Mama akakaa masika yote kibarazani na khanga yake begani, anawasalimia wapita njia wasiomwitikia. Kila nikienda swali lake lilikuwa hilohilo: "Huko nyumbani mvua imenyesha?" Mwanamke aliyekuwa anapanda na kushuka kilima na ndoo kichwani akaanza kuvimba miguu kwa kukaa tu. Na shambani kwake hakuna aliyepalilia. Majani yakapanda mpaka kiunoni, kiangazi kikaja, moto wa jirani aliyekuwa anasafisha shamba lake ukavuka mpaka. Mikorosho iliyopandwa na babu, ile ya upande wa mteremko, ikaungua imesimama.

Aliposikia habari ya moto hakulia. Alikunja khanga zake akasema anarudi. Nikarudi naye.

Niseme jambo ambalo bado linaniuma. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Kiliitwa kikao. Kaka yangu, mbele ya mjomba na mbele ya mama mwenyewe, akasema mimi kitindamimba nimekimbilia kijijini kunyemelea mikorosho ya mama. Hakuna aliyemkanya. Mimi niliyeacha genge langu Mbagala likiwa linauza, niliyekuwa nalala chumba kimoja na mama ili nisikie akikohoa! Mpaka leo hajaniomba radhi, na kila msimu mzigo unapopita mnadani yeye ndiye wa kwanza kupiga simu kuuliza mama ameingiziwa kiasi gani. Nimesamehe, lakini sijasahau. Ukiamua kumtunza mzee wa kijijini, jua na hilo linakuja, na lisikurudishe nyuma.

Sasa ushauri wenyewe. Ninachowaambia watu ni kimoja: mzee wa mlimani hahitaji kuhamishwa. Anahitaji mtu mwenye nguvu za miguu, tena katika miezi yake. Kila siku nasikia "namtumia mama hela kila Sikukuu." Desemba! Desemba mzee ana hela. Korosho zimeshaokotwa, minnada imeshaanza tangu Oktoba, malipo yanaingia. Desemba anaweza hata kukukirimu wewe. Shida yake inaanza pale mvua zinapochanganya, unga umekwisha, wajukuu wanadaiwa madaftari, na korosho ya mwaka mpya bado haijatoa hata ua. Kuanzia hapo mpaka mwezi wa nane anaishi kwa muhogo, mbaazi na ming'oko akipata wa kumchimbia porini.

Na hapo ndipo mtu wa kangomba anapobisha hodi. Anakuja jioni, anaongea vizuri, anampa mzee shilingi kadhaa leo ili amlipe kwa korosho msimu ukifika. Korosho ambayo Oktoba 2024 ilipita shilingi 4,000 kwa kilo kwenye mnada, jirani yetu mmoja, bibi wa makamo ya mama, alikuwa ameshaiuza tangu Machi kwa bei isiyofika nusu ya hiyo. Watoto wake wana kazi Dar. Walimtumia kitenge na mchele wa Sikukuu. Wangemtumia hela ileile Februari, yule bibi angeuza korosho zake kwenye chama cha ushirika kama watu wengine. Wengine wanaweka shamba zima rehani, misimu miwili mitatu, kwa hela ya matibabu tu. Mtoto anakuja kujua mama akishazikwa.

Kwa hiyo fuata kalenda ya mkorosho, acha kalenda ya sikukuu za mjini. Nitarudia tena, maana watu hawasikii: fuata kalenda ya mkorosho.

Mwezi wa tano na wa sita shamba linatakiwa liwe safi. Mikorosho inatoa majani machanga na maua, baridi na umande wa mlimani unaleta ubwiriunga, ule ugonjwa unaolipaka ua unga mweupe mpaka linakauka. Dawa ni salfa, na salfa inarudiwa kila baada ya wiki kadhaa mpaka ua lishike. Miaka hii pembejeo za ruzuku zinatolewa kwa mkulima aliyesajiliwa, kwa hiyo mtu aliyeko Dar anadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Mfuko wa salfa haujipulizii. Mzee wa miaka sabini na kitu hawezi kubeba bloa, ile mashine ya kupulizia dawa, mgongoni. Lazima akodi mashine na kijana wa kuibeba, na petroli anunue yeye. Asipokuwa na hela hiyo, salfa ya ruzuku inakaa chumbani au anamgawia mwenye bloa kama malipo, na mikorosho yake inabaki bila dawa. Nimeyaona haya kwa macho yangu, nyumba baada ya nyumba.

Mama hapulizi tena, lakini siku ya kupuliza ndiye mkuu wa kazi. Tunatoka kabla ya jua, upepo ukiwa bado umelala. Anabebwa na bodaboda mpaka shambani, anakaa kwenye kigoda, anawaelekeza vijana kwa fimbo: anzeni na ule, huo ndio unaotangulia kutoa ua, kisha ule ulioinama, huo upande wa mteremko mwisho. Bloa inanguruma, vumbi la njano linapanda ndani ya matawi na kuning'inia. Kijana akiruka mti anaitwa kwa jina la baba yake. Huyo ndiye mtu ambaye kikao kilitaka akae kibarazani Mbagala.

Na mikorosho iliyoungua tuliikata tukaibebesha vikonyo vya miche bora ya Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho kule Mtwara, ile kazi ya kukata mti mzee na kuuotesha kichwa kipya. Imeshazaa. Sijivuni bure nikisema shamba la mama leo ni kati ya mashamba safi kijijini kwetu, na wapo waliokuja kuuliza tumefanyaje.

Maji nayo. Mlima wetu ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja chini, na juu hakuna mto. Tangu zama za Mwingereza maji ya kunywa yanasukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, na pampu ikisimama dumu linanunuliwa. Kama una hela ya kumnunulia mzee televisheni, nunua mfereji wa bati na tanki kwanza. Hilo halina mjadala.

Matibabu nayapitia haraka. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure, lakini mzee akienda peke yake anaweza kuambiwa dawa hakuna akarudi. Mama aliwahi kurudishwa hivyo kwenye zahanati moja. Nilipokwenda naye, nikauliza kwa adabu na nikasubiri, dawa ilipatikana. Mtu mwenye miguu tena, mnaona.

Simu na akaunti ya benki ya mzee viwe mikononi mwake, na mtu mmoja tu anayeaminika ajue namba ya siri. Stakabadhi za chama zisitupwe. Mama anaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, zimekunjwa na kufungwa kwa raba, kila msimu na rundo lake, na siku chama kilipokosea kilo zake kopo ndilo lililosema.

Sasa wewe dada yangu wa Mbagala. Mko wanne. Nauli na mahitaji ya kumleta baba mjini, zigeuzeni. Mchagueni mmoja wenu apande basi mapema Mei, akae na mzee, aende naye ofisi ya chama akahakikishe jina lake lipo kwenye usajili na idadi ya mikorosho ni sahihi. Atafute jirani wa kumtazama mzee kila asubuhi, mumlipe kila mwezi, msimwachie shukrani tupu. Wale watatu wachange Februari na Juni. Na kijana wa bloa msimpe hela yote mbele: nusu siku ya kwanza, nusu duru ya mwisho ikiisha, na petroli anunue huyo aliyekwenda, kwa mkono wake mwenyewe.